Tishu Nne za Shifa

Maiti ya Shifa ilifika mtaa wa Kuze saa nne asubuhi, ndani ya sanduku la bati, pamoja na karatasi iliyogongwa mihuri mitatu. Karatasi ilisema moyo ulisimama wenyewe. Amin, wakala aliyempeleka Shifa ng'ambo kufanya kazi za nyumbani, aliisoma kwa sauti pale barazani, akaikunja vizuri, akamkabidhi Hiba, mama wa marehemu. Wanaume wakakubaliana jeneza litoke baada ya adhuhuri.

Aliyeitwa kuosha ni Bi Badria. Alisomesha bayolojia miaka thelathini na mmoja katika shule ya wasichana, na tangu astaafu amekuwa akiosha maiti za wanawake wa mtaa. Walimpenda kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi na kinywa chake kizito. Mwosha akiona alama mwilini mwa maiti huiacha palepale kwenye maji. Ndiyo ada ya kazi, na hakuna aliyewahi kusikia neno kutoka kwake. Shifa mwenyewe alikuwa mwanafunzi wake, mcheshi wa dawati la nyuma, ambaye kila mtihani alitaja aina tatu za tishu akasahau ya nne.

Badria alifunga mlango wa ua, akachanganya majani ya mkunazi kwenye ndoo, akasema bismillahi. Kata ya tatu ya maji ilipopita begani, tishu ya kufunika iliinuka. Ilitoka nzima, ngozi ya nje pamoja na utando wa ndani wa koo na tumbo, ikajitandaza kwenye kamba ya nguo kama leso iliyofuliwa. Badria alingoja ikae sawa. Kazi ya tishu hii ni kukinga, na ilionyesha jinsi ilivyojaribu. Mgongoni palikuwa na alama ya pasi, ncha yake juu, matundu ya mvuke yakihesabika. Utando wa tumbo ulikuwa umekonda kwa makombo ya watu wengine.

Misuli ikafuata, ikakaa juu ya kigoda. Ilisema, bila kulalama, kwamba ilipandisha mazulia ghorofa nne na kulala saa tatu kwa siku. Misuli ya moyo, ambayo haiombi ruhusa ya mtu kufanya kazi, ilikuwa ingali inadunda. Ilisema haina habari ya karatasi yoyote. Ilikuwa kazini mpaka mwili uliposukumwa kutoka ghorofani ukafika chini.

Ya tatu ilikuwa tishu ya kuunganisha, nayo ina mengi: mifupa, kano, mafuta, na damu pia. Ilitoka taratibu kwa kuwa ndiyo inayoshikilia zilizobaki. Mfupa wa mkono wa kushoto ulikuwa umevunjika kitambo, ukajiunga wenyewe kombo, bila bandeji wala tabibu.

"Hii ndiyo uliyokuwa ukiisahau," Badria akamwambia Shifa, na hapo akalia, maana tishu ile ilikuwa imemshika msichana kuliko walivyomshika watu.

Neva zilitoka mwisho, nyeupe na nyembamba kama uzi wa kushonea kofia. Badria alizipokea viganjani. Kazi ya neva ni kufikisha habari, basi zikafikisha. Mwezi wake wa nne kazini Shifa alimpigia Amin simu, akiomba arudishwe. Amin akamwambia mkataba ni mkataba. Siku hiyohiyo alimpigia mamake. Neva zilihifadhi jibu kwa sauti ya Hiba mwenyewe: "Stahamili, mwanangu."

Muadhini alikuwa karibu kuadhini. Badria akaziita tishu moja baada ya moja, za ndani kwanza, nazo zikarudi mahali pake kwa utiifu. Akakausha, akatia karafuu maiti, akafunga sanda.

"Umemuonaje mwanangu?" Hiba akauliza nyuma ya pazia.

"Mwepesi," Badria akajibu, kama anavyojibu mwosha yeyote. "Uso una nuru."

Alizikwa makaburini Kikowani kabla ya alasiri.

Siku ya tatu ya matanga, Hiba alimmiminia Badria kahawa kwa mkono wake.

"Mungu akujazi, Mwalimu. Umenituliza moyo. Sasa Amin atwambia mkataba wa Shifa umebakisha miezi saba. Mdogo wake, Mwanasha, ataenda kuumaliza. Nyumba ni ileile, watu tushawajua."

Chumba cha pili Mwanasha alikuwa akijaribu buibui jipya. Badria aliweka kikombe chini. Alijua akisema hataitwa tena kuosha mtu, na akinyamaza huenda ataitwa kumuosha huyu. Akasema. Alieleza tishu zote nne, kila moja na kazi yake, na kila moja na ilichoonyesha. Hiba alisikiliza kwa utulivu.

"Hiyo ya kuunganisha ndiyo yenye mifupa?"

"Ndiyo."

"Na sauti yangu nayo imo?"

"Imo, Hiba. Kwenye neva."

Hiba alikunja mkeka, akaukunjua, akaukunja tena. "Nilimwambia astahamili. Wewe ungemwambiaje?" Akausukuma mkeka kando. "Mwosha hasemi, Mwalimu. Nilikupa mwanangu umsitiri, nawe wamvua nguo mbele yangu. Ondoka nyumbani kwangu."

Kufikia Ijumaa, Kuze nzima ilikuwa na habari. Kwamba maiti ilitoa tishu zake ikazianika uani, hilo halikumshughulisha mtu. Kilichowauma ni kwamba mwalimu alifungua kinywa. Bibi mmoja wa karibu akafariki wiki ileile, wakaita mwosha kutoka Makadara.

Alhamisi iliyofuata Mwanasha alisimama mlangoni kwa Badria. Amin alikuwa nyuma yake kwenye tuktuk, amempakatia begi.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja kuaga."

"Usende, mwanangu. Nakuomba. Uliyasikia niliyosema."

"Niliyasikia yote." Msichana alimbusu mkono kwa adabu. "Na mie nayaamini, Mwalimu. Lakini mama asema nikastahamili."