Pekadilo za Marehemu

Jamani, kumwonea wivu mtu aliye hai ni afadhali. Unaweza kumvizia njiani mkamalizana. Mimi ninayemwonea wivu alishazikwa zamani. Mke wangu nilimwoa mjane, na hilo nililijua tangu mwanzo. Nilichokuwa sijui ni kwamba marehemu angekuja kukaa nasi sebuleni, tena kwa Kiingereza.

Ilianzia kazini. Mke wangu anapokea wagonjwa kwa daktari wa meno, na huyo daktari akawaletea wafanyakazi wake mwalimu wa Kiingereza. Si kile cha kuombea maji, hapana, kile cha wenyewe. Jioni moja akarudi na neno analizungusha mdomoni kama peremende: pekadilo. Nikamuuliza ni mdudu gani huyo.

"Ni kosa dogo la kusameheka," akasema. "Mtu unayempenda akilifanya, unacheka tu yanaisha. Kesho kila mmoja wetu atasimama atoe mfano wa mtu anayempenda."

Mimi ni fundi makochi, na siku hiyo nilikuwa nimepiga magoti sakafuni nikigongea misumari kiti cha mteja. Nikajifanya simsikii, lakini moyo ulikuwa unanidunda. Mtu anayempenda ni nani kama si mumewe? Nikaanza hata kumchagulia pekadilo zangu: nakoroma, napoteza funguo, nachovya mkate kwenye chai yake.

Mara hodi, shemeji yangu huyo, mdogo wa mke wangu. Mke wangu akaona amepata wa kumsikiliza, akasimama katikati ya sebule kama yuko darasani.

"Marehemu alikuwa na pekadilo zake," akaanza. "Siku moja niko kitandani na homa, akatoka kunitafutia dawa. Akapitia kwenye mpira. Akarudi asubuhi, na dawa yenyewe hana!"

Wakacheka mpaka machozi. Mimi nikajigonga kidole. Hivi kweli? Juzi tu nilisahau sabuni, nikasomewa mashtaka kuanzia enzi za uchumba. Mwenzangu kamsahau mgonjwa usiku kucha, anatunukiwa neno la Kiingereza! Wahenga hawakukosea, mwenye kupenda huita chongo kengeza. Mimi hata jicho zima naambiwa chongo.

Shemeji alipoaga tu, nikashindwa kuvumilia.

"Na mimi pekadilo zangu ziko wapi?"

"Wewe?" Akanitazama kama ndiyo kwanza ananiona. "Wewe huna."

"Nina nini, basi?"

"Una makosa."

Nikasimama kwa hasira, nikapiga teke kopo la misumari, ikamwagika chumba kizima. "Basi nenda kaishi naye huyo wako!"

Neno lilishatoka, na la kulirudisha sina. Nikangoja moto uwake. Haukuwaka, na hapo ndipo nilipoogopa. Mke wangu akaketi taratibu.

"Asubuhi ile aliporudi, unajua nilimwambia nini? Nilimwambia karibu, chai iko tayari. Natetemeka kwa homa, nikanyanyuka nikamtengea. Yule ukimwambia umekosea, anafungasha begi. Kwa hiyo sikumwambia. Miaka yote ile, mume wangu, sikuwahi kumwambia hata neno moja. Nimekuja kucheka leo kwa sababu hawezi tena kuniacha."

Nikaweka nyundo chini.

"Wewe nakwambia palepale, tena kwa sauti, na kesho uko hapa hapa," akasema. "Au unataka nikuwekee pekadilo zako mpaka siku tutakapokuzika?"

Nisiwadanganye, wivu haukuisha. Hata ile chai aliyotengewa mwenzangu niliionea wivu. Lakini jibu nililitoa upesi.

"Sitaki."

"Haya, okota hiyo misumari! Watu wanatembea peku humu ndani. Mtu mzima unapiga makopo mateke kama mtoto aliyenyimwa mpira, halafu huyo hapo, amesimama tu..."

Nikapiga magoti nikaanza kuokota, naye yuko juu ya kichwa changu ananisema. Nilikuwa naokota polepole. Sikutaka anyamaze.