Kitufe Nilichokihamisha

...na bado hajabonyeza, kidole kinaelea juu ya herufi F, gumba limeshatangulia kwenye kile kitufe chenye alama ya dirisha, na mimi nimekaa nyuma yake nimeshika guampa, kikombe cha pembe, chenye tereré, chai yetu ya baridi, barafu inayeyuka, nataka kupiga kelele, Baba, siyo hiyo, siyo F tena, lakini asubuhi tukinywa chai ya cocido aliniambia, "Nimia, leo niache mwenyewe, nikishindwa basi, hii kompyuta mpe mtu mwingine na mambo ya kutafsiri yaishe," na Baba si mtu wa kusema jambo mara mbili, na F ndiyo iliyokuwa ikimletea maandishi yake, Kihispania kushoto, Kiguaraní kulia, yakakaa bega kwa bega bila haya kuyafunika yale, F ndiyo aliyoifanyia mazoezi tangu kiharusi kilipomnyang'anya mkono wa kulia na kipanya kikawa kinamtoroka mezani, ndiyo maana nikamwekea mfumo huu wa madirisha, hautaki kipanya, unayapanga madirisha wenyewe kama fundi anavyopanga vigae, na unachotaka ufanye unauandikia kwa maneno kwenye faili, kitufe hiki fanya hili, kile fanya lile, nao unatii... unatii, na hapo ndipo penye balaa, maana kitu kinachotii hivyo huwezi kukiacha kikapumzika, muulize Derlis, rafiki yangu wa zile Jumamosi zetu kule Luque tunapokutana kuonyeshana kompyuta, amebadilisha rangi za kingo za madirisha yake mpaka tumechoka kuzisifia na hajamaliza kazi hata moja humo ndani, "Nikishaupanga vizuri ndiyo nitaanza kazi," anasema, tunamcheka, na anayecheka kuliko wote ni mimi, mimi niliyeingia hapa leo Baba akiwa bafuni nikaona kwamba F ingefaa zaidi kwa kufunga dirisha, na kuleta maandishi kuhamie G, ingekuwa nadhifu zaidi, nadhifu kwa nani, Nimia, kwa nani?... nilikusudia kumwambia, wallahi, shangazi akaniita nikamsaidie kumvalisha Baba viatu, ikanitoka, imenirudia sasa hivi kidole kilipoinuka.

"Mbona kimya huko ndani?" Shangazi Emérita huyo, yuko uani anaanika nguo, dirisha liko wazi, "Nimia, mwache kaka yangu!" "Sijamgusa, shangazi!" "Pumzi zako tu zinamgusa!" na Baba hageuki, shingo yake imekonda siku hizi, kola imebaki na nafasi, niseme au nisiseme, nikisema nimeshamsaidia, na aliomba asisaidiwe, nisiposema atadhani ni yeye... huyu aliyesimama mahakamani miaka yote akihamisha maneno ya watu toka lugha hii hadi ile, nikiwa mdogo nilimngoja kwenye benchi, mama mmoja kutoka Caaguazú aliyeibiwa ng'ombe alisema mambo hayana kichwa wala miguu, na Baba akayatafsiri vilevile, hayana kichwa wala miguu, hakimu akakunja uso, njiani nikamuuliza mbona hukuyanyoosha kidogo, akasema, "Yale ni yake. Ukimnyooshea mtu maneno yake umeshamwibia," na mimi leo nimefanya nini kama si... kidole kimeshuka.

Dirisha limetoweka, skrini nyeusi tii, hakuna kitu, na Baba anasema kwa sauti ndogo, "Nimeua," na bega linashuka, kazi haijapotea, kila herufi imehifadhiwa, lakini yeye hajui, anatazama ule weusi, na ningeweza kunyoosha mkono sasa hivi nibonyeze G, kila kitu kirudi, niseme ni mashine hizi, Baba, zina wazimu, angeniamini, na jioni angeniambia niitoe kompyuta nyumbani, nami ningeitoa, tena ningemletea supu na kumpa pole... hapana. "Baba, hukuua kitu. Ni mimi. Nilihamisha kitufe ulipokuwa unaoga." "Ulihamisha." "Ndiyo." "Nani alikutuma?" "Hakuna aliyenituma. Niliona... ingependeza." Huko uani shangazi anacheka mpaka vibanio vya nguo vinamwanguka, "Pilipili usoila yakuwashiani!" na Baba bado anaitazama skrini, kisha, taratibu, "Hizo amri zako umeziandika wapi?" "Kwenye faili, nikufungulie?" "Niambie, nifungue mwenyewe."

Namwambia, anabonyeza, gumba na kidole, na amri zangu zinatokea zimejaza skrini yote, anainama, midomo inaanza kucheza, midomo ile ile ya mahakamani, naijua, hivyo ndivyo anavyosoma kitu anachokusudia kukimaliza, "Kumbe ni lugha tu," anasema, "tena ya kitoto," na anafuta mstari wangu, herufi baada ya herufi, anaandika wake, T iwe kufunga, kwa sababu tereho, nenda, E iwe kuleta maandishi, kwa sababu eju, njoo, "Sasa nitaielewa," anasema, "inasema Kiguaraní," na E hiyo iko pabaya, gumba litajipinda, mimi ningeiweka chini kidogo, pale kwenye D, mkono wangu umeshanyanyuka kutoka gotini... naukalia, kweli kabisa, nauweka chini ya paja na kuukalia, unawasha, ni E yake, ni gumba lake, lijipinde, na yeye anauambia mfumo usome upya, anabonyeza E, Kihispania kushoto, Kiguaraní kulia, bega kwa bega, leo hajatafsiri hata neno moja bado, tuko palepale tulipoanza, kidole kinaelea, barafu imekwisha, na anasema bila kugeuka, "Kesho usije, mwanangu." "Baba?" "Usije. Nina kazi. Njoo Jumapili, ule, kama mgeni," na mimi nimefukuzwa, Mungu wangu, baba yangu amenifukuza mchana kweupe, na machozi yananitoka kwa furaha.