Lebo ya Asali ya Usinge

Mimi Kasimiri nimeandika mabango ya maduka ya mtaa wetu wa Isevya kwa miaka ishirini na mbili, na sikuwahi kuambiwa nithibitishe kwamba kazi naijua. Ndiyo maana tangazo la kikundi cha warina asali wa Usinge lilinikera. Walitafuta mtu wa kuwachorea lebo mpya, kazi ya mwaka mzima, na kila mwombaji aje na mifano ya kazi zake. Watu wanaoshinda porini kwenye moshi, eti wanipime mimi.

Hata hivyo niliitaka. Siku hizi kila duka linachapisha bango la plastiki, na brashi zangu zilikuwa na miezi miwili hazijagusa rangi. Nikatengeneza kitabu cha picha za mabango yangu, karatasi nzito ya kung'aa, jalada gumu. Leodgar, mwombaji mwingine aliyerudi kutoka Dar na kishikwambi, alinicheka. Alisema kazi za wabunifu sasa zinatazamwa kwenye kioo. Huyo Leodgar brashi hajui hata kuishika. Anahamisha picha za wenzake kutoka huku kwenda kule, halafu anajiita mbunifu.

Siku chache kabla ya usaili alinijia Jeska, binti wa Ulyankulu anayechora kadi za harusi. Aliniamkia, akauliza kazi zake azipeleke vipi, kwa kitabu au kwa simu. Nilimtazama kuanzia kandambili hadi kilemba. Naye huyu anataka kushindana nami. Nikamwambia achore lebo, azibandike kwenye chupa za asali, azibebe kwenye kapu mpaka Usinge. Nilitaka aingie pale kama mchuuzi wa stesheni, wamcheke. Alinishukuru sana, na alipoondoka nilicheka mpaka machozi.

Kule Usinge, mwenyekiti wao, Mama Bertila, hakutaka habari za kazi kabla watu hawajaonja asali. Ndiyo desturi yao: sinia la masega linawekwa katikati, kila mtu anamega kwa mkono, anatafuna, anatema nta. Kunawa hakuna aliyekujali. Mikono ile ile ikaenda kwenye kishikwambi cha Leodgar. Kioo kikajaa asali, picha zikarukaruka ovyo, naye akawa anafuta kwa shati huku amekunja uso. Nilifurahi, sifichi.

Kisha wakachukua kitabu changu. Mzee mmoja alifunua ukurasa wa kwanza, wa pili, halafu kurasa zikagandana. Akavuta, bango langu bora kuliko yote likachanika katikati. Hakuomba radhi. Alinirudishia kitabu, akaendelea kulamba kidole.

Jeska alipanga chupa zake mkekani. Mama Bertila alishika moja, akaimwagia maji, akaisugua lebo kwa kidole gumba. Haikubanduka wala rangi haikuchuja, maana Jeska alikuwa ameipaka vanishi ya maseremala. Wakapitishiana ile chupa, wakisoma kwa sauti jina la kijiji chao.

Kazi ikawa yake. Mama Bertila alimuuliza nani kamfundisha kuja hivyo.

"Ni Baba Kasimiri," Jeska akasema. "Mimi nilitaka kuleta kitabu. Yeye ndiye aliyeniambia nilete chupa."

Wazee wote wakanigeukia, wakanipigia makofi kwa mikono yao inayonata. Mama Bertila yeye hakupiga. Alinitazama mimi, akakitazama na kitabu changu.

"Sasa baba, kama ulijua," akauliza, "mbona wewe hukuleta?"

Nilijibu kwamba nilitaka kumwachia binti nafasi. Jeska aliposikia hivyo alipiga goti mbele ya watu wote, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema Mungu anibariki. Nimewadharau watu wengi katika maisha yangu, lakini hakuna niliyemdharau kama nilivyojidharau mwenyewe pale.