Mboga za Mabua Matupu

Kwa siku tatu baba hakunijibu. Nilifika kwake Wuzhou, kusini mwa China, na mabegi mawili, nikamwambia nimeachana na mume wangu, nikamwomba nirudi kwenye chumba changu cha zamani. Alisema tu kwamba nimechoka na safari, nikalale sebuleni.

Siku ya nne nikaamua kumpikia zile mboga za majani ziitwazo mabua matupu, kwa kuwa mabua yake yana uwazi ndani, kama marehemu mama alivyokuwa akimpikia. Hazikatwi kwa kisu. Nilizivunja kwa vidole, mabua huku, majani kule. Cuihong, mke wa kaka yangu, alisimama mlangoni akimenya mbegu za tikiti kwa meno.

"Pika, wifi, pika," alisema. "Ila chumba hakipatikani kwa sahani ya majani. Mle sasa kuna cherehani yangu."

Nikacheka kidogo. Nikaponda kitunguu saumu kwa ubapa wa kisu. Karai lilipoanza kufuka moshi nikatia mafuta, nusu ya kitunguu saumu, mabua, kisha majani. Sikufunika, kwa kuwa zikifunikwa hugeuka nyeusi. Chumvi na kitunguu saumu kilichobaki nikavitia mwisho, nikaepua mboga zingali za kijani kibichi.

Mezani baba alichota kwa vijiti vyake, akatafuna polepole. Akachota tena. "Huu ni mkono wa mama yako kabisa," akasema. Cuihong akainamia bakuli lake. Mimi nikaanza kufikiria kitanda changu kitakaa upande gani wa cherehani.

Kwetu mzazi hasemi kwamba anakupenda. Anakutilia chakula bakulini kwa vijiti vilevile anavyotumia kula yeye, basi, umeelewa. Nikalisogeza bakuli langu karibu naye, kidogo tu, asije akaona.

Baba akaweka vijiti vyake chini. Akainuka, akafungua kabati, akatoa vijiti virefu vya kugawia, ambavyo nyumbani kwetu hutolewa wakija wageni tu. Akavipangusa kwa kitambaa. Akachagua mabua laini, mengi, akayaweka juu ya wali wangu.

"Kula, mwanangu," alisema. "Basi la saa nane hujaa mapema."

Nikala yote. Kisha nikamwambia, "Asante, baba," neno ambalo sikumbuki kuwahi kumwambia tukiwa mezani.