Mbweha wa Mikia Tisa

Hadi leo nasema kosa lilianza na mwandishi wa maneno ya tangazo. Alifupisha mistari yake dakika ya mwisho, ukurasa ukabaki na pengo jeupe upande wa kulia, na bosi wangu Udagawa haoni pengo kwenye tangazo bila kushikwa na kichomi. "Chizuko, jaza hapo," akasema, wala hakusema nijaze nini. Nikajaza. Nilichora mbweha mweupe mwenye mikia tisa, amesimama nyuma ya binti wa upanga ambaye ndiye shujaa wa mchezo wa video tuliokuwa tunautangaza. Alipendeza, sikatai.

Jarida la watoto lenye tangazo hilo likatoka. Ndani yake huwa kuna postikadi ya kukata na kurudisha, na watoto wetu hawana mchezo na zile postikadi. Wiki ya pili tulikuwa na magunia mawili. Mbweha anapatikana hatua ya ngapi? Anakula nini? Msichana mmoja wa Akita alikuwa ameshampa jina na siku ya kuzaliwa. Nikacheka peke yangu, nikampigia simu Nemoto, mtu aliyeutengeneza ule mchezo kwa miezi kumi na minne, nimsimulie.

"Mbweha gani?" akauliza.

Kumbe mchezoni mwake hamkuwa na mbweha yeyote!

Nilimwendea Udagawa. Nikamwomba tuandike kwenye toleo lijalo kwamba mbweha ni pambo tu.

"Wee! Tuwaambie watoto nchi nzima tumewadanganya?" Uso ulimwiva. "Kilichochapwa ni ahadi. Maji umeyavulia nguo mwenyewe, yaoge. Mbweha aingie mchezoni kabla ya Ijumaa, mchezo haujaenda kiwandani. Asipoingia, katafute mapengo ya kujaza kwingine, si hapa kwangu."

Ilikuwa Jumatano asubuhi. Miaka sita nimekaa kwenye ile meza, mwanamke pekee mwenye kalamu, wengine wote walikuwa wa kumimina chai. Nani angenichukua tena? Nikapitia dukani nikanunua boksi la yokan, ile halua yetu ya maharage, maana kuomba radhi mikono mitupu ni tusi la pili. Nikapanda ngazi za ofisi ya Nemoto kule mtaa wa Kanda, juu ya duka la baiskeli, nikainama mpaka nikaona visigino vyangu.

"Dada, inuka, unaniziba mwanga," akasema. Alikuwa mwembamba, ndevu za wiki, bakuli la tambi limepoa pembeni. "Umeniletea maharage. Ungeniletea nafasi! Kaseti ya mchezo imejaa hadi kooni. Na mikia tisa, jamani! Mmoja usingekutosha?"

"Nisamehe, Bwana Nemoto. Nitafukuzwa kazi."

Akashusha pumzi. "Basi kitoke kitu. Daraja la barafu, wimbo wa mwisho, au jina la mtengenezaji. Chagua wewe mwenye mbweha."

Daraja lilikuwa kwenye tangazo lilelile. Wimbo nao tulikuwa tumeshautangaza. "Jina," nikasema haraka. "Nani husoma majina? Mtoto akimaliza mchezo anazima runinga."

Aligeuza runinga yake niione. Ilikuwa picha ya mwisho ya mchezo: binti wa upanga amekaa kilimani, juu yake kumeandikwa: Nemoto Shigeyasu.

"Kampuni zote hutuficha majina, wapinzani wasije wakatuiba," akasema taratibu. "Hawa wenye mchezo huu niliwabembeleza mwaka mzima ndipo wakakubali. Baba yangu kila siku anauliza mimi nafanya kazi gani." Kisha akanyoosha kidole kwenye tangazo lililobandikwa ukutani, chini ya mkia wa mbweha. "Na hapa pameandikwa nini?"

Palikuwa na sahihi yangu, kwa wino mwekundu. Aibu ilinishika hata masikio yakawaka moto.

Akaanza kazi. Nilikaa kwenye kigoda nikimsikiliza akigonga vitufe mpaka saa ya chakula ikapita. Mbweha akaanza kutembea kwenye kioo, mkia baada ya mkia. Ghafla Nemoto akaruka, macho yanang'aa.

"Dada! Njoo uone! Nimebana kila mahali. Akiwa na mikia minane, jina langu linaenea. Lote!"

Nilitamani kupiga makofi. Lakini nikaziona zile postikadi, na yule msichana wa Akita, na watoto wanavyojua kuhesabu. Nikamwona na Udagawa akihesabu naye. Nemoto alikuwa ananisubiri, kidole juu ya kitufe, anatabasamu kabisa.

"Watahesabu," nikasema. "Tisa, Bwana Nemoto."

Tabasamu lilimtoka polepole. Akanigeuzia mgongo, akafuta jina lake, na mimi sikuthubutu kumwangalia, nikaangalia saa.