Mdomo wa Kisogoni

Jumanne asubuhi, karani wa dirisha la malalamiko katika ofisi ya maji aliamka akiwa na mdomo wa pili kisogoni, chini kidogo ya mwisho wa nywele. Aliyeuona kwanza ni mkewe, ambaye alikuwa mshonaji, kwa sababu ulikuwa unapiga miayo upande wake wa kitanda. Aliuliza kama nao unapigwa mswaki. Karani alisema hajui, akaenda kutafuta mswaki wa ziada.

Kwa miaka mitatu karani alikuwa ametengeneza mchezo wa kompyuta peke yake. Ulihusu fundi saa katika mji ambao kila saa inasema lake, na fundi anatakiwa kuzipatanisha zote kabla treni haijaingia. Picha alichora mwenyewe, na mlio wa kila saa alirekodi mwenyewe akiwa amejifungia kabatini. Kilichobaki ni kuutangaza, na hapo ndipo alipokwama. Jioni alirudi kutoka kazini hoi, kwa hiyo muda alioweza kuuita wake ulikuwa dakika arobaini za mapumziko ya mchana. Isitoshe, alikuwa mtu wa haya. Kila alipotaka kumweleza mtu habari za mchezo, ulimi ulimwia mzito, akaishia kuuliza habari za nyumbani.

Duka la michezo la mtandaoni lilikuwa limemwambia wazi. Watu mia tano wakijiandikisha kuusubiri kabla ya tarehe mosi, mchezo utawekwa ukurasa wa mbele. Wasipotimia, utafukiwa chini ya michezo mingine isiyo na idadi. Yeye alikuwa nao kumi na saba. Kumi na mmoja walikuwa ndugu zake, na mmojawapo, shangazi yake, alijiandikisha akidhani anaagiza dawa ya mende.

Halafu kulikuwa na meza. Nyumba yao ilikuwa na meza moja tu, na kwa miaka yote mitatu kompyuta ilikuwa imeikalia, huku mkewe akikata vitambaa sakafuni amepiga magoti.

"Mia tano wakitimia, kaa nayo," mkewe alikuwa amemwambia, bila ugomvi. "Wasipotimia, meza yangu inarudi na mchezo unauacha. Tumeelewana, bwana?"

Walikuwa wameelewana. Karani alimpenda mkewe, na kila alipomsikia akiinuka sakafuni ameshika kiuno, roho ilimuuma. Iliuma, na aliendelea kuchora saa.

Mdomo ulianza kazi siku hiyohiyo mchana, kwenye foleni ya benki.

"Jamani, saa ya soko inasema saa tatu, ya shule inasema saa tisa, na treni hiyo inakuja!" ulisema. "Nani atawaokoa abiria?"

Watu wa nyuma walisogea. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto aliuliza abiria wenyewe ni wangapi. Mdomo ulimjibu vizuri, tena kwa mzaha, na kabla foleni haijapiga hatua tatu watu tisa walikuwa wamejiandikisha kwa simu. Karani wakati wote alikuwa akikitazama kisogo cha mtu wa mbele yake, ambacho hakikuwa na kitu.

Basi akapata utaratibu wake. Wenzake walitafuta foleni fupi, yeye alitafuta ndefu. Alijiunga nayo, akasubiri nyuma yake pajae, akauachia mdomo nafasi, na alipolifikia dirisha aliomba radhi akaondoka. Mkewe alimshonea mashati yasiyo na kola. Kwa wiki moja walifika mia mbili na thelathini.

Foleni ndefu kuliko zote, hata hivyo, ilikuwa dirishani kwake mwenyewe, kwa kuwa mabomba yalikuwa makavu kwa mwezi wa nne sasa. Tatizo ni kwamba pale aliwatazama watu usoni. Alhamisi iliyofuata aligeuza kiti. Akaketi akitazama ukuta, na waliokuja na ndoo tupu na maneno makali wakaondoka wakiulizana habari za fundi saa. Daftari la malalamiko likabaki jeupe.

Siku ya tatu ya kazi meneja alikuja kuona kulikoni. Alikizunguka kiti mara moja.

"Unaweza kuzungumzia maji pia?" aliuuliza mdomo.

"Mkuu, mimi naweza kuzungumzia chochote."

Ukapewa cheo cha msemaji wa ofisi, na zamu yake ilijumuisha mapumziko ya mchana. Karani alibaki karani. Mdomo uliruhusiwa kuutaja mchezo mwishoni, baada ya mradi mpya wa maji, na kufikia tarehe mosi walikuwa mia sita na wanne.

Mchezo ukawekwa ukurasa wa mbele. Watu waliufungua, wakasikia saa zikigonga tu bila mtu wa kuwasemesha, wakaufunga. Maoni yalikuwa mazuri. "Nyota tano," aliandika mmoja. "Ila ukisimuliwa na yule jamaa wa ofisi ya maji ni mtamu zaidi."

Jioni hiyo mkewe aliacha mkasi, akasimama nyuma yake.

"Na wewe," aliuuliza mdomo, "umewahi kuucheza?"

"Mimi? Muda niupate wapi, shemeji?"

Mshonaji akamwondoa mumewe kitini, akaketi yeye. Alicheza mpaka chakula kikapoa. Alizipatanisha saa za soko, za shule na za hospitali, akakosea, akaanza upya, akitukana chinichini.

"Saa ya stesheni inakwenda mbele dakika nne," alisema hatimaye. "Treni inanionea."

Karani aliinama akatazama. Ilikuwa kweli. Katika watu mia sita na wanne, hakuna mwingine aliyefika stesheni. Alifurahi mpaka machozi yakamlenga.

Usiku uleule aliiondoa kompyuta mezani, ingawa meza alikuwa ameishinda kihalali. Aliiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, ambayo haikuwa na kazi nyingine. Mkewe alitandaza kitambaa mezani, akakata akiwa amesimama wima.

Mchana uliofuata karani aliketi akiutazama ukuta, karatasi mapajani, akiirekebisha saa ya stesheni kwa penseli. Nyuma yake mzee mmoja alitua ndoo yake chini.

"Mwanangu, maji yatatoka lini?"

"Karibuni sana, mzee wangu," mdomo ulisema. "Yamebaki mambo madogomadogo tu."

Mzee alishukuru, akaokota ndoo yake tupu, akaenda zake. Karani alifuta dakika nne, akapuliza unga wa kifutio, akasikia foleni ikisogea.