Mfuko Usiotoboka

Kwa miaka saba cherehani ya Nulu ilikuwa meza. Ilisimama pembeni mwa chumba chake cha kupanga kule Namakwekwe, Mbale, imefunikwa shuka la maua, na juu yake pamewekwa chupa ya chai, taa ya mafuta na Msahafu. Nulu aliuza sambusa barabarani, akamsomesha binti yake, Nangobi, na kila aliyeulizia ile mashine aliambiwa ni mbovu. Haikuwa mbovu. Mbovu alikuwa yeye, na hilo aliona halimhusu mtu.

Lakini Khainza, mwenye nyumba, hakuwa mtu wa kuambiwa jambo likamtosha. Mwezi wa saba mwaka 1986, majuma mawili kabla mwanawe Masaba hajaingia imbalu, ile tohara ya vijana wa Kigisu ambamo mama mzazi hathubutu kusimama mbele za watu na nguo kuukuu, alipiga hodi, akaingia bila kungoja karibu, akainua shuka.

"Mama Nangobi, hii mashini iko nalala bure hivi? Fundi yangu amekimbia Tororo na kitambaa ya watu. Wewe utashonea mimi gomesi."

"Niliacha kazi hiyo, Mama Masaba."

"Mutu naacha pombe. Kushona naacha namna gani?"

Nulu alifungua mdomo akatae. Macho yake yakaangukia mzigo wa Khainza, mita sita za kitambaa cha zambarau, na jambo moja likampitia moyoni: gomesi, lile gauni refu la kina mama wa Uganda, haina mfuko. Toka mabega yake yaliyosimama, vile vifungo viwili vya kushoto, hata mshipi wake mpana wa kiunoni, hakuna mahali popote pa kutia mkono. Akasema haya, acha kitambaa.

Alitia mafuta, akakaza mkanda, akaweka miguu kwenye kanyagio. Hapo ndipo alipojua alivyokuwa amejidanganya. Mguu haukusahau, wala kidole hakikusahau kukaa mbele ya sindano bila kuchomwa. Kitambaa kiliteleza chini ya kiganja chake, pindo likanyooka lenyewe, naye akajikuta anaimba puani, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, peke yake, saa nne ya asubuhi. Alifurahi mno, akaona haya kufurahi.

Kisha akaja Mutwalibu, marehemu mumewe. Hakuja kwa kishindo. Ile harufu ya mafuta ya mashine ilikuwa harufu yake, maana alikuwa fundi wa baiskeli na chupa ya mafuta walitumia moja. Nulu alimsikia amesimama nyuma ya kiti, kama alivyokuwa akisimama zamani kibarazani Jinja, akitazama mshono. Hakuthubutu kugeuka. Kila aliposimamisha gurudumu, mtu yule naye alitoweka, na alipokanyaga tena, alikuwapo.

Mambo ya Jinja yalikuwa hivi. Mwanzoni mwa mwaka 1979 kitambaa kilikuwa adimu kuliko sukari, na sukari yenyewe haikuonekana. Waliobaki na nguo za kupeleka kwa fundi walikuwa askari wa kambini. Mmoja wao, Afande Bakhit, mfupi sana, alipewa suruali ya mtu mrefu. "Kata hii miguu, mama," alisema, "mimi siko twiga." Nulu akaikata, na vipande viwili vya kitambaa cha jeshi, cha kijani chenye mabaka, kigumu kama turubai, vikabaki. Fundi hatupi kitambaa. Akavitia kapuni.

Juma lile lile Mutwalibu alirudi na mifuko ya suruali imetobolewa na spana. "Nishonee mfuko usiotoboka, Mama Nangobi," alisema, "ama nitaanza kubeba spana mdomoni." Nulu akamtuma binti yao, Nangobi, aliyekuwa na miaka kumi, alete kutoka kapuni kile kitambaa cheupe cha gunia la unga. Mtoto akarudi na cha jeshi. Cheupe, alisema, kimekwisha. Basi Nulu akashona mifuko kwa kitambaa cha Afande Bakhit, mshono mara mbili, akaujaribu kwa spana kubwa. Mumewe akacheka, akamsifu mbele ya jirani, naye akavimba kichwa kidogo, kwa nini asivimbe.

Mwezi wa nne vita vikafika. Askari wakakimbia kuelekea mashariki, wakivua sare njiani na kuvaa chochote. Mutwalibu na mdogo wake, Kirunda, wakapanda baiskeli kwenda Budondo kumchukua mama yao. Njiani wakakuta gogo limelazwa barabarani, na wanaume wasiowajua wanakagua wapitao kutafuta askari waliojificha ndani ya nguo za raia. Walitazama miguu kama ina alama za buti. Ya Mutwalibu ilikuwa safi. Walitazama paji la uso kama lina mstari wa kofia. Halikuwa nao. Halafu wakampindua mifuko. Alijitetea kwa Lusoga, lugha ya mama yake, wakamjibu kwamba hata askari wana mama.

Kirunda alirudi peke yake. Alisimama mlangoni, akasema, "Walipindua mfuko, wakaona kitambaa." Nulu hakuhitaji la kuongezwa. Waliompiga mumewe walikuwa wao. Aliyewapa sababu alikuwa yeye, kwa mshono mara mbili. Alihama Jinja kabla eda yake haijaisha, watu wakamsema, hakujali. Tangu siku ile, akifumba macho, aliuona ule mfuko uko nje, unaning'inia kama ulimi.

Gomesi ya Khainza ilipendeza. Aliivaa kwenye ngoma za mwanawe, akajigeuza huku na huku, na wanawake wakamwuliza fundi. Mtu ni sifa. Nulu naye akalegea. Kwa hiyo Khainza alipoleta kitambaa cha kahawia, ashonewe Masaba suruali yake ya kwanza ya utu uzima, aivae kidonda kikishapona, Nulu alisema ndiyo kabla akili haijafika.

Alishona miguu, akashona kiuno, akatia zipu. Alipofika kwenye mifuko akaweka mkasi chini. Akaunganisha pande zote mbili mpaka juu, akapiga pasi, akamaliza. Suruali ilikuwa nzuri, imeziba kabisa.

"Suruali gani hii?" Khainza aliipekua uani, mbele za wapangaji. "Mutoto yangu amekuwa mwanaume. Mukono ataweka wapi, kwa kichwa?"

Wapangaji walicheka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Khainza akaitupa suruali juu ya kamba ya nguo, akasema kesho anakuja kuichukua ikiwa na mifuko, na akaenda zake.

Nangobi alikuwa nyumbani, likizo. Alikuwa na miaka kumi na saba sasa, mrefu, mkimya, msomaji wa vitabu, msichana ambaye katika miaka yote hiyo hakuwahi kutunga uzi, hata kifungo cha sare yake kilishonwa na rafiki. Aliichukua suruali kwenye kamba, akaingia nayo ndani, akaketi mbele ya cherehani.

"Nionyeshe, Mama. Nitaweka mimi."

Nulu akampokonya. Nguvu alizotumia ziliwashangaza wote wawili. Alisimama katikati ya chumba ameikumbatia suruali ya mtoto wa watu, na akajua kwamba akinyamaza leo atanyamaza mpaka kaburini. Aliogopa. Msichana huyu ndiye aliyebaki. Akishajua, huenda atamtazama mama yake kama mama alivyojitazama kila siku kwenye kioo.

"Baba yako," alisema, "aliuawa na mfuko wangu. Mimi ndiye niliyetia kile kitambaa. Hawakumkuta na kosa lingine."

"Najua, Mama. Nilikuwa nyuma ya pazia Baba Mdogo Kirunda alipokuja."

"Ulijua, ukanyamaza?"

Nangobi alitazama sindano. "Cheupe hakikuwa kimekwisha," alisema polepole. "Ulinituma cheupe, nikakificha chini ya mkeka. Nilitaka kumshonea mwanasesere wangu gauni. Nikakuletea kile kingine." Alishika gurudumu la mashine. "Kama ningekuletea ulichoagiza, Baba angepita."

Miaka saba walikuwa wamelala chumba kimoja, kila mmoja na maiti ile ile kitandani mwake. Mwenye kovu usidhani kapoa. Nulu alidhani mtoto amepoa kwa sababu alikuwa kimya. Alimwona wa miaka kumi, ameinamia kapu, na akaona kwamba mzigo huu haugawanyiki: mmoja wao lazima aubebe wote.

"Ah, kile cha chini ya mkeka?" alisema. "Nilikiona. Pembe yake ilikuwa inachungulia, nikakuacha nacho. Cheupe kilikuwa chepesi mno kwa spana za baba yako. Nilikitaka cha jeshi, mwanangu. Nilikichagua mwenyewe."

Ulikuwa uwongo mtupu. Hakuona kitu chini ya mkeka siku ile. Lakini aliusema akimtazama binti yake usoni, bila kupepesa, na Nangobi akaangusha kichwa juu ya cherehani, akalia kwa sauti kama mtoto mdogo. Nulu alimwacha alie mpaka akachoka.

Halafu akafumua mshono wa pembeni. Kitambaa cha mfuko hawakuwa nacho, kwa hiyo akachukua shuka la maua lililoifunika cherehani miaka yote, akalikata. Nangobi akatunga uzi, mara ya kwanza ukamponyoka, mara ya pili ukapita. Nulu akakanyaga, na mtu yule wa nyuma ya kiti akasimama mahali pake. Alijua yote sasa, cheupe na cha jeshi, na uwongo pia, wala hakuondoka.

Mshono ulipokwisha, Nulu aliupindua mfuko nje, kama fundi afanyavyo, akautia vidole na kuuvuta kwa nguvu zake zote. Haukutoboka. Akaurudisha ndani, akamkabidhi binti yake suruali, aanze mfuko wa pili.